Jinsi ya kula vizuri kafe ya chuo, na foleni yake na bumu lako

Hii ni kwa wadogo zangu mnaoripoti chuo mwaka huu, na hata nyie wa mwaka wa pili na wa tatu ambao mpaka saivi mkifika dirishani mnasema "na mimi nipe kama ya huyu". Naongelea kafe za vyuo vya huku Bongo, uwe Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), Dodoma, SUA ya Morogoro au Mzumbe, menyu zinafanana sana, wali maharage, wali nyama, ugali samaki, ugali dagaa, ndizi, makande siku moja moja, chipsi mayai jioni, na foleni ya saa saba mchana ambayo ndo inaharibu kila kitu, maana mtu mwenye njaa, amesimama juani, ana pindi, yani kipindi cha darasani, saa nane, huyo hachagui chakula, anachukua kilichopo karibu na mkono.

Kwanza mjue kafe inavyojiendesha. Enzi za wazee wetu serikali ndo ilikuwa inalisha wanachuo, sera ya kuchangia gharama ilipokuja mwanzoni mwa miaka ya 1990 ule utaratibu ukaondoka, Bodi ya Mikopo ikaanza kazi 2005, na leo hela ya kula unapewa mwenyewe kama mkopo na chakula anakuuzia mzabuni. Mzabuni ana wapishi wa kulipa, ana kuni au gesi, ana kodi, na bei hawezi kuipandisha anavyotaka sababu wanafunzi watahamia kwa mama ntilie wa getini kesho yake asubuhi. Kwa hiyo sahani inajazwa na kile kinachoshibisha kwa bei ndogo, wali au ugali, afu nyama, mboga na tunda vinakuja vidogo. Simlaumu, hata mimi ningekuwa na kafe hesabu zingenipeleka huko huko. Ila wewe mlaji ukishaelewa hilo utaona wanga hauna haja ya kuuhangaikia, utaletewa tu, na mwingi. Cha kupigania ni vile vinavyokuja kidogo, yani maharage yenyewe, majani, tunda, samaki, yai.

Tuanze na hela maana bila hela hakuna kuchagua. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 hela ya kujikimu ya Bodi, ndo hilo bumu, ni 10,000 kwa siku, kabla ya hapo ilikuwa 8,500, na kumbuka hiyo ni ya chakula pamoja na malazi, afu kuna wenzetu wengi hawana mkopo kabisa wanategemea kinachotumwa kutoka nyumbani. Na bumu haliji kila siku, linaingia kwa mkupuo. Hapo ndipo watu wanapoumia, wiki ya kwanza kuku na chipsi, soda juu, offa kwa washkaji, wiki za mwisho mtu anapiga pasi ndefu, chai saa mbili asubuhi mpaka usiku tena. Mwili hauna stoo ya kuweka kuku wa wiki ya bumu ili uje kumtumia mwezi ujao. Siku bumu linaingia toa kwanza hela ya chumba na ya stationari, inayobaki gawa kwa idadi ya siku mpaka bumu linalofuata, weka na siku kumi za ziada sababu huwa linachelewa, namba utakayoipata ndo hela yako ya kula kwa siku, iandike mahali unapoiona. Tuseme umepata 5,000. Wali maharage tuseme ni 1,500 na wali nyama 2,500, basi huwezi kula nyama mchana na usiku kila siku, ila unaweza kula maharage siku nne, samaki au nyama siku mbili tatu, na ikabaki hela ya ndizi na yai kila siku bila kukopa kwa mtu.

Na hapa niseme kitu kinaniuma sana, hii tabia ya kuona maharage ni chakula cha waliopigika. Watu wanaficha sahani jamani! Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina protini gramu 15 hivi, yai moja lina gramu 6, na kile kipande cha nyama cha kafe unachokijua wewe mwenyewe ukubwa wake, mara nyingi mchuzi ndo mwingi. Maharage yana nyuzinyuzi ambazo nyama haina hata kidogo, na ndo zinakufanya usihisi njaa saa tisa ukiwa katikati ya pindi. Na ukiyala na wali au ugali yanakamilishana, protini inayopungua kwenye nafaka ipo kwenye maharage, iliyopungua kwenye maharage ipo kwenye nafaka. Mtu wa kilo 60 anahitaji protini gramu 50 hivi kwa siku, piga hesabu uone maharage mchana, yai asubuhi na dagaa usiku vinakufikisha wapi.

Dagaa nao ni hivyo hivyo. Wale wa Mwanza au Kigoma wakipikwa vizuri na nyanya na limao, ni samaki mzima unamla na miba yake, kwa hiyo unapata na kalisiamu ambayo kwenye menyu yote ya kafe ni ngumu kuipata mahali pengine kama hunywi maziwa. Konzi ndogo tu ya dagaa wakavu, gramu 20 hivi, inakupa protini zaidi ya gramu 10. Kwangu mimi ugali dagaa na mchicha ndo sahani bora kuliko zote kafe, na mara nyingi ndo ya bei ya chini.

Sasa foleni. Pindi za asubuhi zikiisha saa saba kamili chuo kizima kinamiminika kafe kwa pamoja, pale Mlimani huyu ametoka kumbi za Yombo, yule ukumbi wa Nkrumah, wote wanakutana. Angalia ratiba yako ya wiki, tafuta siku ambazo una nafasi saa tano na nusu mpaka saa sita na nusu, kula muda huo, chakula ndo kimetoka jikoni, mboga ipo, mhudumu hajachoka na ana muda wa kukusikiliza. Ukishindwa hiyo basi subiri saa nane kasoro, ila ujue muda huo majani yameisha mara nyingi na wali uliobaki umekaa sana. Siku ambazo huna namna ni saa saba tu, nenda na ndizi mbili au karanga za kukaanga kwenye begi, ule ndizi ukiwa kwenye foleni, ukifika dirishani njaa imepungua makali na unachagua kwa akili. Hii ya ndizi naomba mtu asiipuuze, inafanya kazi kweli.

Kwenye kafe nyingi unalipia kwanza kwa keshia, unapewa risiti au kuponi, ndo unaenda dirishani. Maana yake unachagua chakula kwa kusoma ubao kabla hujakiona! Usikubali. Ukiingia usikimbilie keshia, pita kwanza upande wa masufuria uangalie, samaki wamebaki wa aina gani, mchicha ni mbichi au umeshakuwa rangi ya kahawia, maharage yana mbegu au ni maji, wali unatoa moshi au umeganda. Ni dakika moja tu, kama mko wawili mmoja ashike foleni mwingine akapeleleze. Ndo urudi kulipia ulichokiona kwa macho.

Dirishani sasa. Wali unapimwa kwa kibakuli, mhudumu anashindilia afu anageuza juu ya sahani unapata kile kilima, na maharage yanachotwa kwa upawa kutoka juu ya sufuria. Juu ya sufuria kuna mchuzi, mbegu zimezama chini. Kwa hiyo salimia kwanza, mama wa umri wa mama yako mpe shikamoo yake, kama ni binti wa rika lako mwambie dada habari za kazi, afu sema taratibu "dada naomba wali upunguze kidogo, maharage nichotee ya chini". Asilimia kubwa watakusikiliza, sababu wali uliopunguza kwako unabaki kwake. Usiseme kwa ukali wala kwa kumpigia kelele, yule amesimama kwenye joto la jiko toka alfajiri na ana watu mia nyuma yako. Ukizoeleka kwa heshima atakuwa anakuchotea vizuri hata kabla hujasema, na hilo nalo lina thamani kubwa kuliko hela mia mbili ya kuongezewa mchuzi.

Kuhusu kupunguza wali, sisemi mlale njaa. Nasema kile kilima kizima kikiingia tumboni saa saba na nusu, saa nane umekaa ukumbini feni zinazunguka, lazima usinzie, na lekcha ndo imekupita. Kilima nusu na robo kinatosha kwa watu wengi wanaokaa darasani mchana kutwa, anayecheza mpira jioni au anayetembea kutoka mbali kila siku ale chote. Sehemu uliyopunguza jaza na majani.

Majani kwenye kafe ni mtihani. Utapewa kijiko kimoja cha mchicha au kabichi pembeni kama pambo. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na kijiko kile sidhani kama kinafika gramu 50. Kwa hiyo nunua mboga sahani ya pili kama wanauza peke yake, kafe nyingi wanauza ila hawaiandiki kwenye ubao, uliza. Matembele, mchicha, chainizi, kisamvu, chochote cha kijani kizito kinaishinda kabichi iliyopikwa mpaka ikawa nyeupe. Kachumbari usiikatae, ila hapo kuna jambo la usafi nitalisema mbele. Na tunda, kama kafe wanakata tikiti vipande tangu asubuhi na nzi wanatembea juu, achana nalo, nunua tunda zima nje, ndizi, chungwa, embe msimu wake, parachichi. Tunda lenye ganda lake unalimenya mwenyewe ndo salama na mara nyingi ni bei rahisi zaidi.

Dada zangu hili linawahusu zaidi kuliko kaka zenu, madini ya chuma. Kila mwezi mnapoteza damu, mahitaji yenu ni makubwa kuliko ya mwanaume, na mlo wa chipsi na soda hauna chuma cha maana. Maharage, mchicha na dagaa vinacho, ila chuma cha kwenye mimea mwili unakichukua kwa shida, limao au chungwa au nyanya mbichi ya kachumbari vinausaidia kukichukua, na chai ya rangi inauzuia. Kwa hiyo ile tabia ya chapati maharage na kikombe cha chai nzito hapo hapo, ukiweza chai uinywe baadae, kama lisaa limoja baada ya kula. Kama unachoka chini kwa chini, moyo unakwenda mbio ukipanda ngazi, macho meupe ukivuta kope la chini, nenda zahanati ya chuo wakupime wingi wa damu, ni kipimo cha haraka, na kama una kadi ya bima itumie.

Asubuhi wengi hawali kabisa au wanakula mandazi mawili na chai yenye sukari vijiko vinne, saa nne njaa imerudi. Pindi la saa moja linabana najua. Ila angalia hizi, chapati moja na maharage, mihogo au viazi vitamu vya kuchemsha na yai la kuchemsha, uji wa ulezi wenye maziwa au karanga, makande ya jana kama yalilala kwenye friji na wanayapasha yakachemka kweli. Supu ya ng'ombe na chapati ni nzuri siku moja moja, mwambie akupunguzie mafuta yanayoelea juu. Kama huwezi kabisa kuwahi kafe nunua mayai ya kuchemsha asubuhi hiyo hiyo kwa wale vijana wa ndoo, hakikisha ganda halijapasuka, ule na ndizi, usiyalaze maana chumbani hakuna friji.

Chipsi zege, yani chipsi zilizokaangwa na mayai, dah. Sitakwambia uache, najua haiwezekani, na mayai mle ndani ni chakula kizuri. Angalia mafuta tu. Yakiwa meusi, yanatoa moshi na harufu kali mpaka koo linawasha, hayo yamekaangiwa siku nyingi, pita. Mwambie akaangie mayai kwa mafuta kidogo, akuwekee kachumbari nyingi, chumvi uweke mwenyewe mezani. Chumvi ya siku nzima inatakiwa isizidi gramu 5, kijiko kimoja kidogo cha chai, na pale kwenye mchuzi wa kafe umeshatumia sehemu kubwa bila kujua. Mara moja au mbili kwa wiki sio mbaya, kila usiku ndo tatizo.

Soda nitaisema kwa kifupi maana kila mtu anajua ila hajapiga hesabu. Chupa ya mililita 350 ina sukari zaidi ya gramu 35, ni kama vijiko tisa vya chai, jaribu kuweka vijiko tisa kwenye kikombe uone kama utaweza kunywa. Enaji, vile vinywaji vya kuongeza nguvu, nazo zina sukari hiyo hiyo na kafeini juu, kipindi cha UE, mitihani ya mwisho wa muhula, mtu anakunywa saa nne usiku akeshe, usingizi haupati tena mpaka alfajiri, anaingia chumba cha mtihani kichwa kizito. Beba chupa yako ya maji. Juisi ya kafe uliza inatengenezwa na maji gani, kama hawana jibu la kueleweka chukua maji.

Sasa usafi, na hapa sina masihara maana kipindupindu hakijaisha nchi hii na typhoid ipo. Nawa mikono kwa sabuni, kama sabuni hakuna pale bombani waambie uongozi wa kafe, waambie na waziri wa serikali ya wanafunzi anayehusika na afya, ndo kazi yake. Chakula kiwe cha moto kweli kinatoa moshi, kisiwe vuguvugu. Wali ndo unaodanganya wengi, wali uliopikwa ukakaa masaa kwenye joto la kawaida kuna bakteria wanatengeneza sumu ambayo hata ukiupasha tena haiondoki, kwa hiyo wali wa mchana unaorudishwa usiku bila kuwa umewekwa kwenye baridi usiule hata ukiwa umekaangwa na karoti ukaitwa jina zuri. Kachumbari chukua pale ambapo unaona inakatwa muda huo na imefunikwa, msimu wa mvua kukiwa na tangazo la kipindupindu iache kabisa, kula mboga iliyopikwa, limao kamua mwenyewe.

Kuhusu vidonda vya tumbo, kila anayeumwa tumbo chuoni anaambiwa ni sababu ya kupiga deshi, yani kushinda bila kula. Vidonda kwa sehemu kubwa vinaletwa na bakteria anaitwa H. pylori na dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini zinazonywewa hovyo, njaa na pilipili zinaweza kuzidisha maumivu ila sio chanzo chenyewe. Bakteria huyo ana kipimo na ana dawa. Usikae mwaka mzima unakunywa maziwa na kuacha maharage kwa kuambiwa na rumeti, kapime.

Kwa mnaofunga Ramadhani, futari ya kafe huwa nzuri na tele, mihogo ya nazi, tambi, kaimati, uji. Shida ni daku, kafe zimefungwa, watu wanalala na vitumbua viwili. Nunueni mkiwa wanne watano mgawane gharama, maharage na chapati za usiku zilizotunzwa kwenye hotpoti zikiwa za moto, ndizi, tende na maji ya kutosha, itawabeba mpaka magharibi vizuri kuliko chai na mandazi.

Wiki ya UE usibadilishe chakula ghafla. Kula kile tumbo lako limezoea, mlo mkubwa uwe masaa mawili kabla ya mtihani, asubuhi ya pepa usijaribu samaki wa mgahawa mpya. Na wikiendi kafe nyingi zinafunga mapema au hazifungui kabisa Jumapili, hapo ndo watu wanaangukia chipsi asubuhi mpaka usiku, kwa hiyo Jumamosi mchana pita sokoni au kwenye genge la karibu na hosteli, chukua fungu la ndizi, parachichi mbili, karanga nusu kilo na machungwa, mayai uchukue Jumapili yenyewe, na ulizia mapema ni mama ntilie gani anapika siku hiyo na anafunga saa ngapi.